Waheshimiwa Madiwani, isomeni orodha ya watoto waliokufa

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa halmashauri zote za mikoa ya Mbeya na Iringa,

YAH: VIFO VYA WATOTO WALIO CHINI YA MIAKA MITANO KATIKA KATA ZENU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kuhusu shilingi elfu moja. Mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa walitia saini mwaka 2017, na ule uliosainiwa mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022, unaitaka kila halmashauri itenge kutoka mapato yake ya ndani angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Elfu moja kwa mtoto mmoja, mwaka mzima. Ukishuka kwenye basi pale Nane Nane au Ipogolo, hela hiyo ni chai na maandazi mawili, ukibahatika. Hata hivyo masikio yetu yamezoea maelezo yale yale: makusanyo hayakufikia lengo, fungu lilitengwa lakini halikutoka, au lilitoka robo ya nne likaishia kwenye semina. Mnajua kuliko mimi umbali uliopo kati ya fedha iliyotengwa na fedha iliyotolewa.

Ningeweza kumwandikia Waziri wa Afya. Barua ingepokelewa, ingegongwa muhuri, na baada ya muda ningejibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Nimewachagua nyinyi kwa sababu bajeti ya halmashauri haipiti bila nyinyi, na kwa sababu kila diwani wa kata ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata yake. Zahanati iliyoishiwa glovu iko kwenye kata ya mmoja wenu. Vivyo hivyo daraja la magogo ambalo mjamzito halivuki wakati wa masika, na vile vikaburi vifupi nyuma ya migomba, visivyo na msalaba wala jina.

Kwanza tupeane haki. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 1999 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2010 walikuwa 81. Mwaka 2022 walikuwa 43. Chandarua chenye dawa, chanjo ya nimonia na ile ya kuhara zilizoanza kutolewa mwaka 2013, dawa za kumkinga mtoto asipate VVU kutoka kwa mama yake: vyote hivyo vimezaa matunda. Mhudumu wa zahanati aliyebeba kasha la chanjo kwa miguu mpaka kitongoji cha mwisho anastahili shukrani kuliko mtu yeyote aliyekata utepe siku ya uzinduzi.

Sasa tazameni namba nyingine, ambayo haipigiwi makofi majukwaani. Watoto wachanga, yaani wale wasiofikisha siku 28, mwaka 2010 walikuwa wakifa 26 katika kila 1,000. Utafiti wa 2015/16 ukakuta 25. Ule wa 2022 ukakuta 24. Miaka kumi na miwili tumepunguza wawili. Ndiyo kusema leo zaidi ya nusu ya watoto wanaokufa kabla ya miaka mitano wanafia ndani ya mwezi wa kwanza, wengi wao kabla majirani hawajaja kumpongeza mzazi. Malengo ya Maendeleo Endelevu yanatutaka tufike 12 ifikapo mwaka 2030. Kwa mwendo huu hatufiki.

Wanakufa kwa nini? Mkunga yeyote wa wodi ya wazazi atakujibu bila kufungua kitabu: kuzaliwa kabla ya wakati, kushindwa kupumua, na maambukizi. Tuchukue la kupumua. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kuvuta pumzi yake ya kwanza yalifanyiwa majaribio katika hospitali 8 hapa nchini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 na Dk. Georgina Msemo na wenzake yalionyesha vifo vya ndani ya saa 24 vikipungua kwa asilimia 47. Kinachofanyika chenyewe ni kidogo mno machoni: mkaushe mtoto, msugue mgongo, na kama bado hajalia mfunike pua na mdomo kwa barakoa ndogo, uminye mfuko wa hewa kabla dakika moja haijaisha. Lakini mkunga akiwa peke yake zamu ya usiku, na mama anavuja damu, dakika hiyo inakwenda kwa mama. Kwa hiyo ikama ya watumishi ikiletwa mezani, msiishie kuuliza halmashauri ina wauguzi wangapi. Ulizeni saa nane za usiku, kituo cha afya cha kwenu, yuko nani.

Halafu kuna baridi. Miongozo inaitaja kwa mstari mmoja, sisi wa huku tunaishi nayo. Juni na Julai kule Mufindi, Kilolo, Uporoto au Umalila, ukiamka asubuhi umande umeganda kwenye nyasi. Mtoto njiti wa kilo moja na nusu hana mafuta ya kumlinda. Akiachwa dakika chache bila kukaushwa, au akiogeshwa siku ile ile kwa sababu bibi kasema ana uchafu, mwili unapoa. Akipoa hanyonyi. Asiponyonya, sukari inashuka, na kesho yake familia inaambiwa hakuwa riziki.

Dawa yake ni kifua cha mama, ile inayoitwa huduma ya kangaruu. Mtoto anavuliwa nguo zote, anabakishiwa nepi, kofia na soksi. Analazwa wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa na kutanuliwa, uso umegeuzwa upande ili pua isizibwe. Khanga inafungwa kwa kukaza kuanzia usawa wa sikio lake mpaka chini ya makalio, kisha mama anavaa sweta lake juu. Anakaa humo usiku na mchana, na mama akichoka, baba anavua shati. Utafiti ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wa uzito mdogo walipowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza hali itulie, vifo vilipungua kwa robo nzima. Hakuna mashine hapo. Kinachotakiwa ni kitanda kinachoinuka kichwani, chumba chenye joto, mlango unaofungika, na chakula cha mama. Nimeingia kwenye wodi moja, ambayo sitaitaja, nikakuta akina mama wa njiti wakikesha kwenye viti vya plastiki, ilhali chumba chenye kibao cha huduma ya kangaruu kimejaa makabrasha na vitanda vibovu. Kukisafisha chumba kama hicho hakuhitaji mfadhili kutoka nje.

Kuna pia namba 115. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unampeleka hospitali mjamzito aliyepata dharura, mama aliyejifungua, na mtoto mchanga ndani ya siku zake 28 za mwanzo. Simu ni bure, na pasipo na gari la wagonjwa dereva wa kijijini analipwa na mfumo. Nimewauliza akina baba wengi kama wanaijua namba hiyo. Wengi wananitajia ya polisi. Itangazeni kanisani, msikitini, msibani, na kwenye kilabu cha pombe ya komoni, maana huko nako ndiko waliko wenye uamuzi wa kumtoa mgonjwa nyumbani.

Mtoto akivuka mwezi wa kwanza, anakutana na nimonia. Nyumba zetu za nyanda za juu zimejengwa kuzuia baridi: dirisha dogo, moto wa kuni katikati, na mama kambeba mtoto mgongoni akipika. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na ni lengo zuri, ila mtoto aliyeko mgongoni leo hawezi kungoja mpaka 2034. Kwa sasa panahitajika tundu la moshi, na mzazi anayejua kuhesabu. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja na kuendelea akifika 40, au kifua kikiwa kinabonyea ndani kila anapovuta hewa, aende zahanati siku hiyo hiyo. Vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha kwenye maji vinatibu wengi wao. Lakini tunaanza kwa fundi wa kukata kimeo. Siku mbili za kuuguza kidonda cha kimeo ni siku mbili ambazo nimonia imepewa bure.

Kuhara kunajulikana, na tiba yake inajulikana: maji ya ORS na zinki kwa siku kumi hadi kumi na nne, na kunyonya kusikatishwe. Malaria ni ndogo huku milimani, ila Kyela na mashamba ya mpunga ya Usangu na Pawaga msiyasahau. VVU nisivipite kimya, kwani utafiti wa 2022/23 ulikuta asilimia 11.1 ya watu wazima mkoani Iringa na 9.6 Mbeya wanaishi na virusi, wakati kitaifa ni 4.4. Mama anayekunywa dawa zake vizuri anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto mzima. Anayeacha kwa kuogopa kuonekana kliniki ya karibu, mtoto ndiye anayelipa.

La njaa nimelichelewesha makusudi, kwa sababu ndilo linalotuumbua. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Njombe, iliyokuwa sehemu ya Iringa mpaka mkoa ulipogawanywa mwaka 2012, iko 50.4. Wastani wa taifa ni 30. Iringa ni mkoa unaopakia mahindi, maharage, viazi na nyanya kwenye malori usiku kucha. Udumavu hauandikwi kwenye cheti cha kifo, lakini Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba karibu nusu ya vifo vya watoto chini ya miaka mitano vina utapiamlo nyuma yake. Kuhara kule kule ambako mtoto wa jirani amepona, wa kwako aliyekonda kunamzika.

Chakula kipo. Tatizo linaanza Novemba, mvua za kwanza zinapoita jembe. Mama anatoka alfajiri, mtoto wa miezi tisa anaachiwa dada wa miaka saba na kikombe cha uji wa sembe mtupu uliopoa. Tumbo la umri huo ni dogo, linataka kulishwa mara tatu au nne kwa siku, chakula kizito chenye maharage au karanga au yai au maziwa. Anapata mara mbili, uji mwepesi. Mayai yamekwenda sokoni, maziwa yamekwenda kwa mnunuzi, na fedha iliyorudi imekabidhiwa mwenye nyumba. Ulanzi, pombe ya mianzi, ukianza kugemwa, wazazi wanakutana kilabuni jioni, na wapo wanaomwonjesha na mtoto ili alale. Nayasema haya kama mtu wa huku, sihukumu.

Mtoto akikonda, kijiji hakisemi lishe. Kinasema amebemendwa, yaani wazazi wamekutana kabla ya wakati. Basi mama anaona haya, anaacha kumpeleka kliniki, anamfunika khanga nzito akipita njiani. Utepe wa kupimia mkono ungeonyesha nyekundu, chini ya sentimita 11.5, na mtoto angeanzishiwa matibabu. Mkono haupimwi kwa sababu mtoto amefichwa.

Waheshimiwa, haikuwa hivi siku zote. Wazee wa Uhehe, Ubena na Ukinga wanakumbuka mpango wa lishe wa Iringa ulioanza mwaka 1983, ukiendeshwa na Serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Filamu iliyohusu njaa iliyofichika ilizungushwa vijijini. Kila baada ya miezi mitatu watoto walikusanywa, mzani wa kuning'iniza ukafungwa kwenye tawi, mtoto akavalishwa kaptula ya kupimia na kuning'inizwa humo akilia, na uzito ukaandikwa kwenye kadi ya rangi tatu: kijani, kijivu, nyekundu. Mpaka hapo ni kliniki ya kawaida. Jambo jipya lilikuja baadaye, pale matokeo ya kijiji kizima yalipopelekwa kwenye serikali ya kijiji, na wanaume waliokuwa wamekaa kujadili ng'ombe na mipaka ya mashamba wakaulizwa: wangapi wako kwenye nyekundu, kwa nini, na tunafanya nini kwa uwezo tulio nao? Miezi mitatu baadaye waliulizwa tena. Vijiji vikaanzisha vituo vya kulishia watoto wakati wa kilimo na mashamba ya pamoja.

Hadi mwaka 1988 utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 6 na ushei hadi chini ya 2. Mchoro wa UNICEF wa mwaka 1990 unaoeleza visababishi vya utapiamlo, ambao wanafunzi wa lishe wanakaririshwa dunia nzima, ulitokana kwa sehemu kubwa na yaliyoonekana Iringa. Tulifundisha dunia, kisha tukaweka mzani stoo. Sitaupamba mpango ule: mhudumu wa kijiji alitegemea posho ya kijiji chenye mfuko mtupu, na kimo cha watoto wa mkoa, kama namba zinavyoonyesha, hakikuponyeka. Ila kile kikao cha maswali kilikuwa sahihi, na kilikuwa cha bure.

Mbeya nayo ina la kujivunia. Mwaka 2013 huku ndiko Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) ulikoanzia, kwa ngazi ya mkoa mzima, usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano kwa kutumia simu, cheti kikitolewa bila malipo kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata. Leo mtoto akizaliwa Rungwe au Chunya tunajua namna ya kumwandika. Akifa, je? Hospitali zinajadili vifo vya wajawazito na watoto wachanga vilivyotokea wodini, na utaratibu huo ni mzuri. Mtoto aliyekata roho nyumbani Alhamisi usiku na kuzikwa Ijumaa kabla ya jua kuwa kali hajadiliwi na mtu. Hana faili wala cheti, na jina lake kama alikwishapewa linabaki kwa mama yake.

Ombi langu ni kuyaunganisha hayo mawili, kikao cha maswali cha Iringa na uandikishaji wa Mbeya. Kila robo mwaka, mtendaji wa kijiji au wa mtaa alete kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata orodha ya watoto waliokufa, bila majina ili familia isianikwe: umri kwa siku au miezi, alipofia, aliugua nini, ilichukua saa ngapi tangu dalili mpaka kuonwa na mhudumu, na kilichokwamisha. Nauli? Baba alikuwa safarini? Dawa haikuwepo? Diwani aisome orodha hiyo barazani kwa mdomo wake mwenyewe, kabla ya taarifa ya madawati na kabla ya migogoro ya mipaka. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ipo tayari kwenye miongozo ya Serikali, kila robo mwaka. Mmehudhuria mara ngapi? Diwani akisimama karibu na mzani, wanaume watakuja kuona kuna nini.

Najua kuna atakayeogopa kuonekana kata yake ndiyo mbaya. Namwelewa, siasa ni siasa. Kwa hiyo baraza lipange mapema kwamba kata yenye orodha ndefu itangulie kupewa msaada, na kata itakayoleta karatasi tupu robo mbili mfululizo itembelewe na Mganga Mkuu wa Wilaya akiwa na maswali. Orodha isitumike kumwajibisha muuguzi. Siku ya kwanza atakapofukuzwa mtu kwa sababu ya orodha, orodha zitaanza kudanganya.

Kuhusu fedha, mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tukaona jinsi huduma zinavyoyumba pale mlipaji anapokuwa mbali. Shilingi elfu moja ya mapato ya ndani ni ndogo lakini ni yetu, hakuna anayeweza kutuzimia. Itoke robo ya kwanza, Julai hadi Septemba, ili ifike kabla jembe halijaanza Novemba. Iwalipe posho wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale ambao mpango uliozinduliwa Januari 2024 unataka wafike 137,294 nchi nzima. Inunue mizani na tepe, ikarabati vyumba vya kangaruu. Semina tumeshiba.

Mabaraza yenu yanakaa kupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka. Nawaomba mnijibu hapo, mbele ya wananchi na waandishi wa habari, kwa namba tupu: halmashauri yenu ilitenga shilingi ngapi kwa kila mtoto, ilitoa ngapi, na katika kata yako wewe, Mheshimiwa, ni watoto wangapi wa chini ya miaka mitano waliozikwa mwaka uliopita. Nanyi wananchi wenzangu mnaosoma barua hii, mkutano mkuu wa kijiji chenu ukifika, nyoosheni mkono muulize hayo hayo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi, Mbeya